Kasia la Mikono ya Mama

Aprili 11
Theluji asubuhi, mvua mchana. Mama ameniomba nimtengenezee kasia.

Mama huyu ni binti yangu Juditha, ana miaka ishirini. Alizaliwa wiki chache baada ya mama yangu kuzikwa, akapewa jina lake, na tangu hapo kwangu mimi ni Mama. Alipokuwa mdogo kabisa alinifokea nisiingie ndani na viatu vya matope, na nilivua. Mke wangu Salomine akimkasirikia humwita "mama mkwe", na yule mtoto hujibu, "Ndiyo mkwe wangu, kahawa iko wapi?"

Leo kaingia kwenye banda langu la useremala, kakaa juu ya pipa. "Mwalimu Pavia kasema nikiijua mitindo ya kutosha ya kubiringika na kayaki, kupinduka na kuinuka tena, kufika mwisho wa Juni, nakwenda mashindano Julai kule mjini Nuuk. Kayaki ya kuazima ipo. Kasia sitaki la kuazima. Nataka lako."

"Kushona hutaki tena?" nikamwambia.

"Nilishona maisha yangu yote ya kwanza," kasema. "Sasa zamu ya bahari."

Nikakubali. Ningesemaje.

Aprili 12
Nimeshusha ubao kutoka darini. Msonobari, gogo lililoletwa na bahari, limekauka vizuri na halina fundo hata moja. Sina ubao mwingine mzuri kama huo.

Aprili 14
Kasia la kwetu hupimwa kwa mwili wa mtu. Ananyoosha mikono, hiyo ni pima moja, unaongeza dhiraa yake moja, basi huo ndio urefu. Bapa la kila upande lisizidi kiganja chake, maana akishapinduka na kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, kichwa kiko chini ya maji, lazima mkono uteleze uende kushika ncha ya bapa ndipo aweze kujiinua. Hayo nayajua tangu utoto.

Leo nimeurudisha ule ubao mzuri darini. Nimechukua boriti nzito ya nyumba iliyobomolewa. Juditha sikumpima. Nimekata fupi mno, na bapa nimeliacha pana, vidole vyake haviwezi kulizunguka. Nimefanya makusudi. Nimekaa hapa natafuta neno lingine na halipo.

Sababu ni hii. Agosti iliyopita nilikuwa nje ya visiwa peke yangu, nawinda sili. Bahari shwari kabisa, kioo, jua usoni. Nikashikwa na kile kizunguzungu cha kayaki. Wazee walikipata sana zamani, wawindaji wa peke yao. Unaona kayaki inazama upande mmoja, maji ya barafu yanapanda kiunoni, kumbe uko mkavu. Mkono hauinuki. Baba yangu alikipata, akapona, akakipata tena, mara ya mwisho hakurudi. Wanasema kinafuata damu. Mimi nilikaa hivyo mpaka upepo kidogo ukaja, uso wa bahari ukakunjamana, kikaniachia. Nyumbani nikasema nimeshikwa na mafua. Tangu siku ile kayaki yangu sijaigusa. Watu wanadhani ni mgongo.

Juditha ni damu yangu. Nikaona kasia baya litamchosha mapema, arudi kwenye mpira wake wa mikono.

Aprili 15
Nimempa. Kaligeuza, kaliangalia. "Fupi," kasema.

Uongo sikuuandaa, ulitoka wenyewe. "Nimelipima kwa mikono ya Mama. Wewe wa zamani. Bado naikumbuka."

Nilidhani atasema mambo ya kizee hayo. Kalinusa. "Basi nilipimwa kabla sijazaliwa," kasema, akatoka nalo amelikumbatia.

Nilitaka alichukie. Kalitundika juu ya kitanda chake.

Aprili 22
Upepo wa kaskazini. Kiwandani ninakofanya kazi ni mayai ya samaki kutwa nzima, mikono imekufa ganzi. Wengine huombea shwari. Mimi kila asubuhi nachungulia dirishani nikiombea upepo, kidogo tu.

Mei 3
Mazoezi ya kwanza bandarini. Nimekwenda kutazama kwa sababu kutokwenda kungeonekana.

Pavia ndiye mwalimu wao. Ni binamu yangu kwa baba, na mdomo wake haujui kupumzika. Juditha kapinduka, hakuinuka. Pavia kamsogezea pua ya kayaki yake, Juditha akaishika, akajivuta juu. Ikawa hivyo tena na tena. Mwisho Pavia kalichukua lile kasia, kaja nalo mpaka niliposimama.

"Enok, hili ni kasia au mwiko wa kukorogea supu ya sili?"

Juditha kajibu kutoka majini, pua imejaa maji. "Limepimwa kwa mikono ya bibi. Mikono yangu ya zamani."

Pavia kafunga mdomo. Sijawahi kuona. Mama yangu ndiye aliyemlea wakati wazazi wake walipokuwa hospitali na kifua kikuu. Kalirudisha kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama mkubwa," kamwambia binti yangu, na hakuwa anatania.

Sijamwambia.

Mei 8
Mvua. Leo Juditha kainuka, mara moja tu. Kajigonga mdomo kwa kasia, umevimba, anacheka nao hivyo hivyo.

Mei 14
Nimejaribu kwa mlango wa nyuma. Nimemwambia nina ubao mwingine darini, mwepesi, naweza kumtengenezea la pili.

"Mtengenezee mtu mwingine."

"Mama, hilo limekushinda."

"Halijanishinda. Sijalizoea. Mikono ni yangu, Baba, itakumbuka tu."

Sijamwambia.

Mei 17
Juditha analalia ubavu mmoja. Salomine anamkanda bega la kulia kwa mafuta. "Mama mkwe, ukivunjika mimi sina pa kupata mwingine," namsikia anasema ng'ambo ya ukuta.

Mei 24
Mama mdogo Bibiane kaja kunywa kahawa. Ni mdogo wake mama, ana miaka themanini na moja, amebakiwa na meno matatu na hakuna kinachompita. Yeye humwita Juditha "dada". Anamkalisha karibu, anamwambia, "Dada, ulikufa na ushanga wangu," na Juditha anamjibu, "Uliniibia wewe kwanza."

Leo kaliona kasia sebuleni. Kauliza la nani. Juditha kamweleza, anang'aa uso mzima.

"Mikono ya nani?"

"Ya bibi. Yangu."

Mama mdogo kanitazama. Kaweka donge la sukari mdomoni, kalinyonya. "Ehee," kasema. Kaomba keki nyingine.

Nilimsindikiza nimemshika mkono, ngazi za mbao zilikuwa zimelowa. Chini kabisa alisimama.

"Dada yangu alikuwa anajikuna goti bila kuinama. Kanisani alikuwa anafikia kitabu cha mtu wa benchi la mbele. Kila gauni tuliongeza kitambaa kwenye mikono. Wewe ulidhani nimeshazeeka kiasi hicho?"

"Hapana, mama mdogo."

"Sikuulizi kwa nini. Mwambie. Sikukuu ya taifa ikifika hujamwambia, nitamwambia mimi, mbele ya keki."

Mei 25
Shwari. Sikutoka.

Mei 27
Niliketi naye akivaa buti. Nikasema, "Mama, kuna jambo." Akasema, "Sema." Nikasema injini ya mashua inavuja mafuta.

Juni 2
Mawimbi madogo, upepo wa kusini. Nimekwenda bandarini.

Juditha anaijua mitindo mingi sasa. Ule wa kasia nyuma ya shingo, ule wa kasia chini ya kayaki, ule wa kukunja mikono kifuani na kulibana kasia kwenye kiwiko. Kwa kuwa kasia halimsaidii, halitegemei. Anainuka kwa kiuno na mgongo, taratibu, kama mtu anayeamka kitandani. Pavia kasema, "Sijamfundisha mimi hivyo. Sijui anafanyaje." Watu wamepiga makofi. Nami nilipiga.

Kisha akatoka, akadhani hakuna anayemwangalia, akalishika bega na kufumba macho. Mikono yangu ilikuwa bado imekutana kwa makofi, nikaiweka mfukoni.

Sijamwambia.

Juni 6
Ukungu. Samaki hakuna.

Juni 9
Nitaandika polepole.

Asubuhi Juditha kaondoka kwa kayaki kwenda kile kisiwa cha shakwe. Nikajiambia huko hakuna mtu, nitamwambia huko huko. Injini ya mashua ilikuwa mezani imefunguliwa, na hiyo ni kweli. Nikaishusha kayaki yangu. Upepo ulikuwepo, mdogo, mzuri. Nikaona naweza.

Nilipoivuka rasi ukakata.

Bahari ikanyooka yote kwa mara moja. Milima ikawa juu na milima ikawa chini, na katikati hakuna mstari. Nikajua kabla hakijaanza. Pua ya kayaki ikaanza kurefuka, ikawa inakwenda mbali, kisha upande wa kushoto ukaanza kushuka. Maji yakaingia. Hayakuingia, ila niliyasikia yanapanda kwenye mapaja, yanafika kiunoni. Kasia liko mapajani, mikono yangu iko juu yake, na si yangu. Nilikuwa naogopa kupepesa macho, nisije nikaipindua kayaki kwa kope.

Sijui ni muda gani. Nilisikia kasia linakuja.

"Baba, umesinzia?" Alikuwa anacheka. Kisha hakucheka. Akaingia polepole kwenye pembe ya jicho langu. "Baba. Ndiyo yale mafua ya Agosti?"

Kumbe alikuwa na wasiwasi tangu siku ile.

"Ni kile cha babu?"

Nilijaribu kusema ndiyo. Nadhani nilitoa sauti fulani.

Hakuuliza tena. Kaisogeza kayaki yake ubavuni mwangu, kaweka kiganja juu ya sitaha yangu, kikakaa hapo. Kisha kalichukua lile kasia kwa mkono wa kulia, kaanza kupiga maji mbele yangu. Pa. Pa. Bapa ni pana, lilipiga kama mkia wa nyangumi. Kioo kikavunjika. Katika maji yale yaliyovunjika niliona pua ya kayaki yangu imenyooka, haijazama.

Akiacha kupiga ili asukume mbele, maji yanatulia, nami nazama upya. Basi ikawa anapiga, anasukuma, anapiga, anasukuma, kayaki mbili zimeshikana, na rasini bado ni mbali. Ulimi ndio uliorudi kwanza.

"Mama sikumpima," nikasema.

"Usiongee."

"Kasia hilo ni baya. Nililiharibu makusudi ili ukate tamaa. Mikono yake ilikuwa mirefu. Na wewe sikukupima."

Kasia likakoma.

Bahari ikaanza kunyooka. Niliona milima ya chini inarudi mahali pake. Nikadhani ataniacha pale, na nilijua kwamba sina la kumlaumu. Sikuthubutu kumtazama, hata kama shingo ingegeuka.

Kisha likapiga tena. Kwa nguvu kuliko mwanzo, maji yakanirukia usoni. Alipiga hivyo mpaka tukaikuta rasi na upepo ulioko nyuma yake. Karibu na gati nilisikia sauti, ya kooni mwake au ya begani sijui. Alimalizia kwa mkono mmoja.

Juni 10
Muuguzi kasema msuli wa bega umechanika. Asishike kasia mpaka vuli. Mashindano basi.

Salomine kaniuliza imekuwaje. Nimemwambia yote, na Agosti pia. Kachukua mto wake, kaenda kulala chumba cha mama mkwe.

Juni 12
Mvua. Hawasemi nami. Chakula changu nakikuta mezani, kimefunikwa sahani, bado cha moto.

Nimekwenda kwa mama mdogo kumwambia kwamba Juditha nimeshamwambia. "Umechelewa," kasema, "lakini kaa unywe."

Juni 15
Juditha kaja bandani, mkono umefungwa kifuani. Kakaa juu ya pipa lile lile. Mimi nilikuwa napiga msasa kitu ambacho hakihitaji msasa.

"Unajua kilichoniuma ni nini?"

"Mashindano."

"Mashindano yapo kila mwaka." Kavuta pua. "Nililala chini ya kasia lile nikiwaza, mikono yake ilikuwa inafika hapa, na hapa. Kila siku watu wananiita dada, mama, bibi, na mimi naitika tu, simjui. Kwa mara ya kwanza nikaona nimemshika. Ukaninyang'anya, Baba."

Nikaweka msasa chini. Nikasema ni kweli, Juditha. Nilimwita kwa jina, na aliinua kichwa, kwa sababu simwiti hivyo.

"Ungeniambia unaogopa," kasema. "Nisingekucheka." Kaweka vizuri mkono uliofungwa. "Ningekucheka kidogo."

"Nilijua ungecheka."

"Sikukuu ya taifa utabiringika bandarini. Kwa hilo hilo kasia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya keki."

Kumbe wanaongea, yeye na mama mdogo.

"Sidhani kama nitainuka."

"Mimi sikuinuka siku ngapi?"

"Na kukiwa shwari?"

Kafikiri. "Nitasimama ukingoni nitakutupia mawe."

Juni 21
Shwari. Nilijua itakuwa shwari.

Asubuhi kanisani, kisha bendera, kisha kahawa bandarini, keki za kila nyumba zimepangwa kwenye meza za kiwanda. Kijiji kizima kipo, hadi mbwa. Pavia kashika kipaza sauti. Nimemwomba anipe. Nimewaambia watu kwamba kasia la binti yangu nililiharibu mimi, kwamba halikuwa la mikono ya Mama, na kwamba mgongo wangu ni mzima. Nikawaambia na kile kizunguzungu cha Agosti. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja pale nyuma kasema, "Mimi kilinikuta mara mbili," kama mtu anayetaja samaki. Mke wake akamgeukia na kikombe mkononi, inaonekana naye alikuwa hajaambiwa.

Pavia karudia utani wake. "Haya, Enok atabiringika kwa mwiko. Wenye supu walete."

Niliingia. Nikasukuma mpaka katikati. Maji yakalala, pua ya kayaki ikaanza kurefuka, na upande wa kushoto ukaanza. Kisha chubwi, mbele yangu. Jiwe. Mviringo ukaja ukanigusa. Chubwi, lingine. Juditha alikuwa ukingoni, anatupa kwa mkono wa kushoto, anatupa vibaya, moja lilinipiga kofia. Watoto wakaanza kuokota. Mama mdogo Bibiane katupa donge la sukari. Bandari nzima ikawa inachemka.

Nikapinduka.

Chini ni kijani na hakuna kelele. Niliutelezesha mkono kutafuta ncha ya bapa, vidole havikulizunguka hata vyangu. Nikavuta, kasia likazama kama lilivyo, boriti ya nyumba. Ndivyo ilivyokuwa kwake, kila siku, wiki zote zile, na juu nilikuwa nimesimama mimi.

Pavia kaniokoa kwa pua ya kayaki. Nikapinduka tena, akaniokoa tena. Nilisikia sauti ya Juditha ukingoni: "Kiuno, mwanangu. Acha mikono, tumia kiuno."

Sikuinuka hata mara moja. Mara ya mwisho Pavia alinitoa nikiwa natapika maji ya bahari, na nilipopangusa macho nikamwona Juditha kakaa chini kwenye mawe, kajishika bega, anacheka mpaka analia, na Salomine pembeni yake naye hivyo hivyo.

Nikarudi gatini mwenyewe. Maji yalikuwa bado yanatikisika.

Juni 23
Salomine karudisha mto wake.

Julai 6
Leo wako Nuuk, wanashindana. Pavia kapiga simu, kasema kuna upepo na kila mtu anamuulizia "mama mkubwa". Juditha kasema awaambie mwakani.

Lile kasia fupi nimelifunga nyuma ya kayaki yangu. Hatuliiti kasia tena. Ni la kupigia maji. Nimetoka nalo mara mbili, na Juditha alikuwa kwenye mashua, karibu.

Jioni nimeushusha ule ubao mzuri. Nimemwita, kaja, kasimama katikati ya banda.

"Nyoosha mikono."

"Mmoja unanyooka. Huu mwingine bado."

Nikaweka ncha ya kamba katikati ya kifua chake, nikaivuta kufuata mkono wa kushoto mpaka mwisho wa kidole kirefu. Miaka ishirini namwita Mama na sikuwa nimewahi kuuangalia mkono huu. Una kovu la ndoana karibu na kifundo. Ni mrefu. Nikafunga fundo kwenye kamba.

"Bibi kanizidi?"

"Mama mdogo anasema kwa nusu kiganja."

Karidhika, nadhani. Kaunyoosha zaidi kidogo. "Haya, zidisha mara mbili ukate."

"Hapana."

"Baba, mikono ya mtu inalingana."

"Huenda. Sijaupima."

Kaniangalia, kisha kaangalia ubao. Kakaa juu ya pipa lake. Kamba nimeitundika msumarini na fundo lake moja. Ubao uko mezani, haujakatwa. Nausubiri mkono wa kulia.